Robert Koch na Alama za Maradhi: Kutoka Wollstein hadi Visiwa vya Sese

1.0 Utangulizi

Katika historia ya tiba ya kisasa, jina la Robert Koch (1843–1910) hutajwa zaidi kwa sababu ya ugunduzi wa basili ya kifua kikuu. Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, kumtazama Koch kama mgunduzi wa vijidudu tu ni kuipunguza kazi yake. Jambo lililomshughulisha kwa zaidi ya miaka 30 lilikuwa ni utambuzi: ni kitu gani kionekanacho katika maabara kinachoweza kuthibitisha kwamba mtu fulani au mnyama fulani ana ugonjwa huu na si ule? Kabla ya zama zake, tabibu alitegemea kumtazama mgonjwa, kumsikiliza kifua, kumpapasa na kumwuliza maswali. Baada ya zama zake, tone la damu, makohozi au maji ya tezi yalipewa nafasi ya shahidi, na mara nyingi shahidi huyo alisadikiwa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Berlin, lakini sehemu isiyo ndogo ilifanyika Dar es Salaam, Amani, Mwanza na katika visiwa vya Sese vilivyo ndani ya Ziwa Victoria. Waandishi wa mwanzo, na hasa wale waliowaandikia wasomaji wa kawaida katika miaka ya 1920, waliipita sehemu hiyo upesi au waliipamba kwa sifa tupu. Katika miongo ya karibuni wanahistoria wameanza kuichunguza kwa jicho kali zaidi. Makala haya yanaipa uzito kwa sababu ni huko Afrika Mashariki ambako tofauti kati ya alama ya ugonjwa na ugonjwa wenyewe ilijitokeza kwa uchungu, na walioulipia uchungu huo hawakuwa wanasayansi.

2.0 Daktari wa Wilaya

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, eneo la machimbo ya madini ambako baba yake alikuwa mtumishi wa migodi. Familia ilikuwa kubwa, ya watoto 13. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Göttingen kuanzia mwaka 1862 na kupata shahada ya udaktari mwaka 1866. Miongoni mwa walimu wake alikuwepo Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa amekwisha kudai kwamba maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai. Dai hilo halikuwa na ushahidi wa kutosha wakati huo, na si rahisi kusema limemwathiri mwanafunzi wake kwa kiasi gani. Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, na binti yao wa pekee, Gertrud, alizaliwa mwaka uliofuata.

Baada ya kuhangaika katika miji kadhaa midogo na kutumikia kama daktari wa kujitolea katika vita vya Prussia na Ufaransa (1870–71), Koch aliteuliwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wolsztyn. Hakuwa na maabara. Hakuwa na maktaba ya chuo wala wenzake wa kujadiliana nao. Alikuwa na hadubini, chumba cha kupokelea wagonjwa alichokigawa kwa pazia, na ugonjwa wa kimeta uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wakulima wa jirani.

Vijidudu vyenye umbo la vijiti vilikuwa vimeonwa katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta tangu miaka ya 1850. Mashaka yalibaki katika jambo moja: vijiti hivyo hufa baada ya muda mfupi, ilhali malisho yaliyoambukizwa hubaki na sumu yake kwa miaka. Koch aliotesha vijiti hivyo katika tone la maji ya jicho la ng'ombe, akavitazama saa baada ya saa, na akaona vikirefuka kuwa nyuzi na ndani ya nyuzi zile kujitokeza vidonge vidogo ving'aavyo, yaani spora. Spora hizo ziliweza kukauka, kusubiri, na kuamka tena. Alipowatia panya spora kwa kijiti cha mti, panya walikufa kwa kimeta. Aprili 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya mimea, na kwa siku kadhaa alirudia majaribio yake yote mbele ya wataalamu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka huohuo.

Jambo la kuzingatia hapa si umaarufu uliofuata. Ni kwamba tangu mwanzo Koch hakuridhika na kuona kitu katika damu ya mgonjwa. Alitaka kukitenga, kukiotesha peke yake, kukirudisha ndani ya mwili wa mnyama mzima na kukiona tena. Kanuni zinazojulikana kwa jina lake zilipangwa kwa utaratibu na msaidizi wake Friedrich Loeffler katika miaka ya 1880, na Koch mwenyewe hakuzifuata kama msahafu. Angezifuata hivyo, asingeweza kudai lolote kuhusu kipindupindu.

3.0 Rangi, Viazi na Mwani

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya ufundi mtupu, na pengine ndiyo yenye faida ya kudumu kuliko yote aliyoyafanya. Kiini cha tatizo kilikuwa hiki: katika mchuzi wa majimaji, vijidudu vya aina nyingi huchanganyika, na mtafiti hawezi kujua ni kipi kimefanya nini. Koch alitambua kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa, kila kijidudu huanzisha makazi yake mahali kilipoangukia, na makazi hayo hubaki ya aina moja. Kutoka kwenye kiazi alihamia kwenye jelatini. Jelatini nayo iliyeyuka katika joto linalolingana na la mwili wa binadamu. Suluhisho lilitoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa akigandisha jeli za matunda kwa agari, kitu kinachotokana na mwani, ambacho alikuwa amekifahamu kwa marafiki waliowahi kuishi Java. Agari haikuyeyuka. Mwaka 1887 Julius Richard Petri, msaidizi mwingine, aliongeza sahani ya kioo yenye kifuniko, ambayo bado hubeba jina lake. Jina la Fanny Hesse halikubebwa na kitu chochote.

Sambamba na hayo, Koch alitumia rangi za viwandani kuvitofautisha vijidudu na nyama ya mwili, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuvipiga picha. Kwa njia hii alama ya ugonjwa ilitoka katika jicho la mtu mmoja na kuwa kitu ambacho wengine wangeweza kukikagua na kukibishia.

Silaha hizi zote alizielekeza kwenye kifua kikuu, ambacho kwa makadirio ya wakati ule kilikuwa kikimwondoa mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa. Basili yake ni nyembamba, ina ngozi yenye nta, na haikubali rangi kwa urahisi. Koch alitumia rangi ya buluu ya methilini iliyotiwa alkali, akaiacha kwa muda mrefu, kisha akaosha kwa rangi ya kahawia. Kila kitu kiligeuka kahawia isipokuwa basili, zilizobaki buluu. Kuziotesha kulihitaji seramu ya damu iliyogandishwa na subira ya wiki mbili hivi, wakati ambapo mtafiti mwingine yeyote angekuwa amekwisha kuzitupa chupa zake. Tarehe 24 Machi, 1882 aliusomea Umoja wa Wanafiziolojia wa Berlin matokeo yake, akiwa ameleta hadubini na vioo vilivyotayarishwa ili kila msikilizaji ajionee. Inasimuliwa kwamba hapakuwa na mjadala.

Miongoni mwa waliokuwepo alikuwa Paul Ehrlich, ambaye mara moja alianza kuboresha njia ya rangi. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen waliiendeleza hadi ikafikia sura ambayo mafundi wa maabara katika zahanati za Afrika Mashariki waliitumia katika karne nzima ya 20, na ambayo bado inatumika mahali ambapo mashine mpya hazijafika. Kwa mara ya kwanza makohozi ya mtu anayekohoa tu yaliweza kusema kama ana kifua kikuu au hana.

Kipindupindu kinahitaji maneno machache. Mwaka 1883 Koch aliongoza ujumbe wa Kijerumani kwenda Iskanderia, ambako ujumbe wa Kifaransa nao ulikuwepo na ukampoteza mtafiti wake kijana, Louis Thuillier, kwa ugonjwa huohuo. Kutoka Misri alikwenda Calcutta, na mwanzoni mwa 1884 alitangaza kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekiona miaka 30 nyuma bila ya kusikilizwa. Wanyama wa majaribio walikataa kuugua kipindupindu, kwa hiyo sharti la kuurudisha ugonjwa ndani ya mnyama halikutimia. Koch aliamua kwamba kijidudu kinachoonekana daima kwa wagonjwa wa maradhi haya na kisichoonekana katika maradhi mengine kinatosha kuwa ushahidi. Ilikuwa ni hatua ya busara, na pia ilikuwa ni mlango. Baada ya hapo uzoefu wa kipindupindu, na wa homa ya matumbo mwanzoni mwa karne ya 20, ulionyesha kwamba watu wazima wa afya wanaweza kubeba vijidudu na kuvitoa bila ya kuugua. Koch alikuwa miongoni mwa waliolitangaza jambo hilo kwa nguvu. Kuwepo kwa kijidudu, basi, hakukuwa tena sawa na kuwepo kwa ugonjwa.

4.0 Tuberkulini

Agosti 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari uliofanyika Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kukua kwa basili ya kifua kikuu. Novemba mwaka huohuo alichapisha taarifa kamili kuhusu matumizi yake, lakini hakutaja kimetengenezwaje. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya. Madaktari walikuja pia, na miongoni mwao alikuwepo Arthur Conan Doyle, daktari aliyekuwa tayari anaandika hadithi za upelelezi, ambaye alirudi Uingereza na tahadhari: dawa ile haikuthibitika kuponya, ingawa ilionekana kuwa na thamani ya kutambua ugonjwa.

Tahadhari hiyo ilikuwa sahihi kuliko sherehe zote. Koch alikuwa amejidunga mwenyewe sindano ya kitu kile, akapata homa kali, kutetemeka, kichefuchefu na maumivu ya viungo. Alibaini kwamba mtu asiye na kifua kikuu huhitaji kiasi kikubwa ili aathirike, na mwenye kifua kikuu huathirika kwa kiasi kidogo sana. Na kwamba mwenye kifua kikuu cha ngozi huvimba na kuwa mwekundu mahali palepale penye kidonda. Aliona mwili ukijibu, akadhani mwili unapona. Mapema 1891 Rudolf Virchow alionyesha maiti za wagonjwa waliotibiwa: basili hazikufa, na kwa baadhi yao zilionekana kutawanyika upya. Januari mwaka huo Koch alilazimika kueleza kwamba dawa ni dondoo la basili zenyewe katika gliserini. Hakuweza kutoa nguruwe-panya waliopona ambao alikuwa amewategemea kama ushahidi.

Kuhusu sababu za haraka hii, maelezo ni mengi. Serikali ya Prussia ilitaka ushindi wa kuonyesha mbele ya wageni. Koch alikuwa akijadiliana kuhusu taasisi yake mpya, iliyofunguliwa mwaka 1891. Na alitarajia kipato kutokana na dawa. Maisha yake ya nyumbani nayo yalikuwa yamevurugika: ndoa yake na Emmy ilivunjika mwaka 1893 na mwaka huohuo alimwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyemzidi umri kwa karibu miaka 30, jambo lililozusha maneno mengi Berlin. Lakini maelezo ya tabia na fedha hayatoshi. Kosa lenyewe ni la kimantiki, nalo lingejirudia Afrika: alama ilipobadilika, mtafiti alihesabu kwamba ugonjwa umebadilika.

Tuberkulini haikufa. Madaktari wa mifugo waliichukua upesi, na huko Denimaki Bernhard Bang aliitumia tangu miaka ya mwanzo ya 1890 kuwatenga ng'ombe walioambukizwa na wale wazima. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna aliiweka juu ya mkwaruzo wa ngozi badala ya kuidunga kwa wingi, akapata kipimo kisicho na hatari ambacho kilimpa pia nafasi ya kugundua kwamba watoto wengi wa mji ule walikuwa wamekwisha kuambukizwa bila ya kuugua. Mwaka 1908 Charles Mantoux wa Ufaransa aliiingiza ndani ya ngozi kwa sindano nyembamba, na kipimo hicho ndicho kilichoenea duniani. Uvimbe unaopimwa mkononi haukuwahi kusema kwamba mtu ni mgonjwa. Husema kwamba mwili wake umewahi kukutana na basili, au na chanjo ya BCG.

5.0 Afrika Mashariki, 1897–1906

Mwishoni mwa 1896 Koch alialikwa Afrika ya Kusini kuchunguza sotoka iliyokuwa ikiangamiza ng'ombe. Kutoka huko alipelekwa Bombay kwa ajili ya tauni, na Julai 1897 akafika Dar es Salaam, makao makuu ya utawala wa Kijerumani, alikokaa hadi mwaka uliofuata. Hapo alichunguza damu: ya wagonjwa wa homa, ya ng'ombe, na ya wanyama wengine. Kwa wagonjwa wa malaria alilinganisha jedwali la joto la mwili na hesabu ya vimelea, akiamini kwamba kwinini itolewe kwa kufuata hadubini na si kwa kubahatisha. Homa nyingi zilizoitwa malaria hazikuwa na kimelea hata kimoja. Alipendekeza ziondolewe katika jina hilo.

Kutoka Kisiba, upande wa magharibi ya Ziwa, kulikuwa na habari za ugonjwa wa mitoki uliokuwa ukiua watu. Daktari wa jeshi, Zupitza, alitumwa huko na kuleta vielelezo, na Koch alitambua ndani yake basili ya tauni. Kwa njia hiyo ilithibitika kwamba ndani ya bara kulikuwa na makao ya zamani ya tauni, mbali na bandari.

Katika taarifa zake za wakati huo kuna habari moja ambayo wanafunzi wa lugha wangeitazama kwa makini zaidi kuliko walivyofanya hadi sasa. Koch aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara, wanaposhuka nyanda za chini na kurudi na homa, huuita ugonjwa huo mbu, na mdudu aumaye pia humwita mbu, na husema kwamba mdudu ndiye aletaye ugonjwa. Ronald Ross alikuwa ameona hatua ya kwanza ya ushahidi wa jambo hilo ndani ya tumbo la mbu huko Bara Hindi Agosti 1897. Koch aliichukua kauli ya Wasambaa kama dokezo la kuchunguzwa, jambo ambalo wengi wa wenzake wasingelifanya. Hata hivyo aliihesabu kama maoni ya wenyeji, si kama ujuzi, na hakumtaja mtu yeyote aliyempa habari hizo.

Mwaka 1905 alirudi. Safari hii alishughulikia homa ya vipindi, ambayo vijidudu vyake, spiroketi, huonekana katika damu wakati wa homa na kutoweka homa inapotulia. Kiswahili kilikuwa na maneno mawili pale ambapo wageni wengi waliona mdudu mmoja: kupe, anayeng'ang'ania ngozi ya mnyama kwa siku nyingi, na papasi, anayejificha katika mavumbi ya sakafu na nyufa za kuta, akatoka usiku, akanyonya na kurudi mafichoni. Papasi ndiye aliyehusika. Watafiti wa Kiingereza, Ross na Milne nchini Uganda mwaka 1904, kisha Dutton na Todd katika Kongo, walifikia jibu hilo kabla yake au wakati mmoja naye. Dutton alifariki kwa homa huko Kasongo Februari 1905. Mchango wa Koch ulikuwa kufuata spiroketi ndani ya mdudu hadi kwenye mayai, na kueleza kwa nini papasi aliyetoka yaini asiyewahi kumwuma mgonjwa anaweza kuambukiza. Aliwachunguza papasi wa mabanda ya misafara kwenye njia ya kutoka pwani kwenda bara, na akakuta pia kwamba katika vijiji vilivyokaa na mdudu huyo kwa muda mrefu, wenyeji hawakuugua kama wapagazi na wageni walivyougua.

Mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi. Vita hivyo, na njaa iliyosababishwa na jeshi la Wajerumani, vilikuja kuua watu wengi sana kuliko homa ya papasi. Desemba 1905 Koch alikuwa Stockholm kupokea Nishani ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

6.0 Sese, 1906–1907

Malale yalikuwa yameanza kuenea kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne. Hadi 1906 yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda. Aldo Castellani alikuwa ameona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa huko Entebbe mwishoni mwa 1902, na mwaka 1903 David Bruce alithibitisha uhusiano wao na mbung'o. Wajerumani waliogopa kwamba ugonjwa utavuka mpaka. Koch, akiwa na umri wa miaka 62 na amekwisha kustaafu uongozi wa taasisi yake, aliongoza ujumbe uliowajumuisha Friedrich Karl Kleine, Max Beck na Robert Kudicke. Walipita Amani, wakafika Mwanza, na kwa kuwa hawakupata huko wagonjwa wa kutosha, waliomba ruhusa ya Waingereza na kupiga kambi katika visiwa vya Sese mnamo Agosti 1906.

Kambi ilipofunguliwa, wagonjwa walikuja kwa mamia. Walikuja kwa hiari, kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Kila mmoja alipimwa. Koch alitegemea zaidi maji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwenye tezi za shingo zilizovimba, pamoja na damu iliyochunguzwa mara kwa mara, kwani tripanosoma huonekana leo na kesho zikatoweka. Kuchoma uti wa mgongo kuliumiza na hakukufaa kwa umati mkubwa kiasi hicho. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kikambi. Ulikuwa pia ndio chanzo cha msiba.

Dawa ilikuwa atoksili, mchanganyiko wenye aseniki. Ilipodungwa, tripanosoma zilitoweka katika tezi ndani ya saa chache. Wagonjwa walipata nguvu. Waliokuwa wakilala walisimama. Taarifa za mwanzo zilizotumwa Berlin zilikuwa na furaha, na magazeti ya Ujerumani yaliilinganisha atoksili na kwinini. Kisha vimelea vilirudi. Leo inafahamika kwamba atoksili haiingii vya kutosha katika ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo ugonjwa uliokomaa huwa umejificha. Kioo cha hadubini kilionyesha tezi safi. Ugonjwa ulikuwa unaendelea mahali ambapo sindano ya utambuzi haikufika.

Koch aliongeza dozi, kutoka nusu gramu hadi gramu moja. Maumivu ya tumbo, kizunguzungu na kichefuchefu viliongezeka, na wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka. Mwanzoni upofu huo ulihesabiwa kuwa wa muda, au kuwa ni sehemu ya malale yenyewe. Haukuwa wa muda. Dozi kubwa ilisimamishwa, lakini habari zilikwisha kuenea visiwani, na wagonjwa walianza kutoroka kambini. Taarifa za ujumbe zililalamikia utoro huo kana kwamba ni ukosefu wa shukrani. Ni vigumu kuona ni hatua gani nyingine ambayo mtu mwenye akili timamu angeichukua.

Majina ya waliopofuka hayamo katika historia zinazosomwa. Wamo kama idadi. Tofauti na wagonjwa wa Berlin wa mwaka 1890, hawakuwa na Virchow wa kuwasemea, wala magazeti, wala bunge.

Mapendekezo ya mwisho ya Koch yalikuwa ya aina tatu: kufyeka vichaka vya ufukoni, kuwaua mamba, kwa kuwa aliamini mbung'o wa ziwani huishi zaidi kwa damu yao, na kuwakusanya wagonjwa katika kambi zilizotengwa ili watu wenye afya wasiambukizwe. La tatu lilihama kutoka katika tiba na kuingia katika utawala. Atoksili ilipewa kazi mpya: ikiwa haiponyi, basi angalau huondoa vimelea katika damu kwa muda, na mbung'o hakuti kitu cha kubeba. Mgonjwa aligeuka kutoka mtu wa kutibiwa na kuwa hifadhi ya kufungwa. Upande wa Uganda, serikali ilichukua njia yake: kuanzia mwaka 1908 wakazi wa Sese waliosalia walihamishwa kwa nguvu, na visiwa vikabaki vitupu kwa karibu miaka kumi.

Kleine alibaki katika kazi hiyo baada ya mkuu wake kuondoka. Mwaka 1909 alionyesha kwamba tripanosoma hukua ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza, jambo ambalo majaribio ya awali, yaliyomtazama mbung'o kama sindano chafu tu, yalikuwa yamelikosa. Katika miaka ya 1920 dawa mpya zilipatikana, na uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo, ulioachwa kando huko Sese, ukawa ndio unaoamua mgonjwa atibiwe kwa dawa gani.

7.0 Miaka ya Mwisho

Koch alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1907. Mwaka uliofuata alizuru Marekani na Japani, ambako mwanafunzi wake wa zamani, Kitasato Shibasaburo, alimpokea kwa heshima zisizo na kifani. Alirudia mara nyingi msimamo wake wa mwaka 1901 kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya Uingereza iliyoundwa kuchunguza dai hilo ilifikia uamuzi wa kinyume, hasa kuhusu watoto wanywao maziwa mabichi, na Koch hakuufuta msimamo wake waziwazi.

Mwezi wa Aprili 1910 alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia mada juu ya kuenea kwa kifua kikuu. Siku chache baadaye alipatwa na shambulio la moyo. Alifariki tarehe 27 Mei, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakawekwa ndani ya ukuta wa taasisi aliyoiasisi Berlin, ambayo tangu mwaka 1912 ina jina lake.